Nyuma ya Ukuta wa Kinu

Mjukuu wangu anapiga pasi nguo za watu. Hiyo ndiyo kazi yake ya mchana, na ndiko alikopata jina ambalo mtaa mzima unamwita: Pasi. Hata mama yake, ambaye ni binti yangu wa mwisho, amelizoea. Anafanya kazi kwa dobi mmoja nyuma ya soko, katika chumba chenye dirisha dogo na meza ndefu zilizofunikwa blanketi kuukuu. Mvuke umebandua rangi ya dari, na vipande vyake huangukia mashati meupe ya hoteli, kwa hiyo kila mpiga pasi ana brashi ndogo ya kupangusia. Akirudi nyumbani Pasi hunuka wanga na jasho la wageni. Kiganja chake cha kulia kimekuwa kigumu kama cha mwashi, na msichana mwenyewe hata miaka ishirini na miwili hajaimaliza.

Jioni alikuwa mwanafunzi. Alisoma ufundi wa mafriji katika chuo kilicho nje kidogo ya mji, kwenye barabara inayopanda kuelekea machimbo ya mawe na mtaa wetu uliopo nyuma ya machimbo hayo. Nilipomuuliza kwa nini mafriji, wakati wenzake wote wanakimbilia kompyuta, alinijibu huku akichovya miguu kwenye beseni la maji.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania akiwa na furaha, "joto nimelishiba. Sasa nataka kazi inayotoa baridi."

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Shule niliiacha nikiwa mdogo, na yote ninayoyajua niliyasoma kwa vidole, herufi moja moja za risasi, kinyumenyume, nikipanga vitabu vya watu waliosoma. Kazi hiyo imekufa. Kiwanda kile sasa ni ghala la magodoro, na vijana wanaolala usingizi humo mchana hawajui kwamba sakafu wanayolalia ilikuwa ikitetemeka. Nilitaka mjukuu wangu awe na ufundi wenye cheti, karatasi ambayo mtu hawezi kumnyang'anya siku mwenye meza za pasi atakaponunua mashine.

Chuo chenyewe hakikuwa na shida. Shida ilikuwa kutoka hapo.

Mbele ya geti la chuo, ng'ambo kidogo, kuna kinu cha nafaka kilichofungwa zamani. Kimebaki ukuta mrefu wa matofali uliotafunwa na mvua, na karibu na kona ya ukuta huo palikuwa na nguzo ya kituo cha basi. Watu walikiita kituo cha kinu. Masomo yalipokwisha, jua likiwa linazama, wanafunzi walitoka pale kupanda basi la kurudi makwao. Na mabasi hayakuwataka. Kwa sheria mwanafunzi analipa nusu nauli. Lakini kwa kondakta, mwanafunzi ni nusu mtu anayekalia kiti kizima. Dereva akiona kundi la vijana wenye ovaroli za buluu za chuo, anakanyaga mafuta, na kondakta anatazama upande wa pili kama aliyeitwa na mjomba wake.

Siku zetu nguzo ya kituo ilikuwa amri. Mabasi yalikuwa ya shirika la umma, kondakta alivaa kofia na kubeba kifaa cha kutobolea tiketi, na akimkuta mtoto amesimama peke yake kituoni, alishuka akamshika mkono. Nimeyasema haya nyumbani mara nyingi kiasi kwamba Pasi hunimalizia.

"Na kofia ilikuwa na kibati cha shaba," anasema.

"Ilikuwa nacho."

"Sasa Babu, nionyeshe hayo mabasi yako yamelala wapi, kesho niyapande."

Basi wanafunzi wakabuni njia yao. Pale kituoni alikuwapo mwanamke mmoja mtu mzima, muuza karanga, aliyekuwa akiishi mtaa wa juu kama sisi. Jioni akimaliza biashara yake mbele ya geti la chuo, hupanda basi na ndoo yake na kigoda chake. Vijana waliona kwamba basi likimkuta yeye peke yake, linasimama. Mama mzima, nauli nzima. Kuanzia hapo wakawa wanajibanza nyuma ya ukuta wa kinu, wote, kimya, na Mama Karanga anabaki chini ya nguzo akiwa ameinua mkono. Basi likishasimama na mlango kufunguliwa, wanamwagika kutoka nyuma ya ukuta na kuingia kabla kondakta hajafunga mdomo. Aliyekwisha kutia mguu ndani hatolewi.

Walimwita Chambo, na yeye aliitika. Hawakumlipa kitu, ila ndoo hakuibeba tena, na kigoda alibebewa. Siku akiugua, walikuwa wakisubiri mpaka mwalimu mmoja atoke wamwombe anyooshe mkono kwa niaba yao. Nimeambiwa hata mwalimu mkuu aliwahi kuwa chambo, na tai yake shingoni.

Mwanafunzi mpya akifika chuoni, somo la kwanza hakulipata darasani. Alifundishwa kona ya ukuta: ukiona taa za basi kule kwenye mpindo wa barabara, potea. Walilijua somo hilo kuliko walivyojua majina ya nyaya.

Kisha ikaja habari ya barabara. Manispaa ilitaka kuipanua, na katika kuipanua, vituo vingine viondolewe ili mabasi yaende haraka. Tangazo lilibandikwa kwenye geti la chuo. Kituo cha kinu kilikuwa miongoni mwa vituo vinavyofikiriwa.

Binti yangu alisikia habari hiyo akiwa anachambua mchele. Hakunyanyua uso.

"Kituo kikiondoka," akasema, "chuo kimekwisha."

"Mama, kuna kituo kingine mbele," Pasi akasema.

"Mbele ya machimbo. Nakijua. Ndiko yule msichana wa kina fundi cherehani alikovunjwa mkono wakimnyang'anya simu. Mimi sitakaa hapa mlangoni kila jioni nikisikiliza nyayo."

Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka habembelezeki. Nami sikumtetea Pasi, kwa sababu barabara ile ya machimbo naijua. Haina nyumba, haina taa, na ukipiga kelele, anayekuitikia ni jiwe.

Hapo ndipo kamati ilipoingia katika maisha yetu. Manispaa ilikuwa na Kamati ya Usafiri, na kamati ilikuwa na kiti cha mwakilishi wa vijana. Aliyekikalia miaka yote hiyo alikuwa kijana kwa jina tu, mtu mwenye kitambi na watoto wanaonyoa ndevu. Alipopata kazi kwingine, manispaa ikaomba chuo kitoe jina. Wanafunzi walilipigia kelele jina la Pasi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akigombana na makondakta kwa sauti ya kusikika mpaka darasa la umeme.

Mikutano ilifanyika asubuhi, saa ambayo vijana wote wanaowakilishwa wako kazini au shuleni. Pasi alimwomba ruhusa mwenye meza za pasi.

"Hiyo kamati inakulipa?" tajiri akauliza.

"Inatoa chai."

"Basi nenda kanywe chai. Mashati ya hoteli yatakungojea hapa hapa, hayana miguu."

Siku ya mkutano wa kwanza alivaa blauzi yake nyeupe, aliyoinyoosha mpaka mikono ikasimama yenyewe. Aliporudi nilitaka nisikie kila kitu, naye alinihadithia huku akila wali wa jana.

Chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Kitu cha kwanza alichokitambua si watu, bali sauti ya kiyoyozi hicho. "Feni ya nje inasugua mahali," akaniambia, "watalia muda si mrefu." Waliokaa mezani walikuwa wazee wa manispaa, afisa wa polisi, mwakilishi wa wenye mabasi, na mhandisi wa barabara ambaye alikuwa bado mtu wa makamo na mwenye haraka. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri sana.

"Binti yangu," akamwambia, "wewe ndiye mdogo wetu hapa. Hebu tusaidie kumimina chai."

Akamimina. Alipomaliza kuzungusha vikombe, viti vyote vya mezani vilikuwa vimejaa makabrasha, akakaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na chupa ya chai. Kwenye ukuta walionyeshwa picha ya barabara itakavyokuwa. Kulikuwa na vibanda vya vioo, na ndani ya vibanda walichorwa vijana wakicheka, mmoja na gitaa mgongoni.

"Gitaa?" nikauliza.

"Gitaa, Babu. Mimi sijawahi kumwona mtu na gitaa kwenye barabara ile. Labda ni yule wa kitambi wakati akiwa kijana."

Wakajadili rangi ya vibanda kwa muda mrefu. Mwishowe aliinua mkono. Aliwaambia kuhusu kituo cha kinu, kuhusu mabasi yanayowapita, na kuhusu wasichana watakaoacha masomo. Mwakilishi wa wenye mabasi alisema kwa upole kwamba mabasi yao hayambagui mtu, na kama lipo basi linalofanya hivyo, aletewe namba yake. Mzee mmoja akasema vijana watembee, kutembea ni afya. Mhandisi ndiye aliyemjibu kwa maana.

"Mimi sina ugomvi na kituo chako," akasema. "Kituo kinabaki kikiwa na watu. Nitapeleka wahesabu. Basi linapofika, wanahesabu waliosimama kituoni wanangoja. Wakiwa wengi, kituo kinabaki. Wakiwa wachache, kinaondoka. Alhamisi jioni."

"Jioni moja tu?"

"Wahesabu wenyewe wawili, vituo vyote hivi. Jioni moja."

Pasi alirudi akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Watu tulikuwa nao, akasema, tena wa kumwaga. Mimi nilimwambia kwamba kuhesabiwa si sawa na kuulizwa. Ng'ombe pia huhesabiwa.

"Babu," akasema, "niache nifurahi, walau mpaka nimalize kula."

Nikamwacha.

Siku zile alikuwa akitoka kwenye pasi na kupita darasa kwa darasa. Msaidizi wake alikuwa kijana mmoja wanayemwita Mrefu, mwanagenzi wa useremala, ambaye huinama akiingia milangoni hata milango isiyohitaji. Walikubaliana mambo yote. Kila mtu avae ovaroli. Kila mtu asimame chini ya nguzo, wazi, mahali pa kuonekana. Na kama basi likiona kundi na kupita, lipite.

"Alhamisi hatupandi," Pasi alikuwa akiwaambia. "Alhamisi tunahesabiwa. Kupanda mtapanda maisha yenu yote."

Alimwomba hata Mama Karanga asije kituoni jioni hiyo, apande la mapema, ili asiwachanganye. Mama Karanga alikasirika.

"Kwani mimi sihesabiki?" akauliza. "Miaka yote mimi ni mtu, leo wamekuja wenye karatasi nimekuwa ndoo?"

Akaja.

Alhamisi ile gari la manispaa liliegeshwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na nguzo. Ndani walikaa wahesabu wawili, mwanamume mwenye kofia na mwanamke mwenye ubao wa kuandikia magotini. Masomo yakaisha. Wanafunzi walitoka getini kama waendao harusini, wakasimama mstari chini ya nguzo, mstari ukapita kona ya kinu na kuendelea. Walikuwa wakicheka. Mrefu aliwekwa mbele kwa sababu, walisema, yeye atahesabiwa mara mbili. Msichana mmoja alitoa kioo akajitazama. Nadhani hawakuwahi kusimama mahali pale kwa pamoja na kutazamana usoni. Siku zote walikuwa wakitazamana visogo.

Kisha taa za basi zikatokea kwenye mpindo.

Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyewapa ishara. Pasi aliniapia hilo, na wenzake niliowauliza baadaye waliniapia vilevile. Taa zilitokea, na mstari wote ukayeyuka. Yule wa kioo alikuwa bado amekishika mkononi. Wakajibanza nyuma ya ukuta, mabega kwa mabega, kimya, kama walivyofanya jana na juzi na tangu siku waliyojiunga. Mama Karanga alibaki chini ya nguzo. Mkono ukainuka.

Na Pasi je? Pasi, mwakilishi wa vijana, alijikuta bega lake liko kwenye matofali, harufu ya pumba za zamani puani, na Mrefu akimpumulia kisogoni.

Basi likasimama, refu, katikati ya nguzo na gari la manispaa. Likaziba kila kitu. Vijana wakamwagika na kuingia, wepesi kama samaki. Pasi alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja kwenye ngazi ndipo alipokumbuka. Akashuka. Basi likaondoka na wenzake wote, baadhi yao wamebandika nyuso kwenye vioo vya nyuma kwa mshangao, ndipo wanakumbuka nao. Barabara ikabaki tupu. Ng'ambo, mwanamke mwenye ubao alikuwa akiandika.

Pasi alivuka.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mdogo wangu."

"Tulikuwa wengi pale. Mmetuona?"

Mwanamke akatazama ubao wake. "Mimi naandika ninachokiona basi linapofika. Nimeona mama mmoja na ndoo."

"Kabla yake je? Mstari ule hamkuuona?"

"Tuliuona," akasema yule mwenye kofia. "Tukadhani ni wanafunzi wanafanya michezo yenu ya chuo. Basi lilipokuja mkaondoka. Tukajua hamlingoji."

"Na waliopanda?"

"Basi liliziba, dada."

"Basi niandikeni mimi. Mimi nipo."

"Wewe hukuwepo basi lilipofika," mwanamke akasema, bila ubaya wowote. "Na sasa hivi uko huku. Kituo kiko kule."

Alirudi kule. Alisimama chini ya nguzo peke yake, katika ovaroli yake, na mabasi yaliyofuata yakampita, kwa sababu aliyepo hapo ni mwanafunzi na hana chambo. Aliniambia kwamba hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kila taa zilipotokea kwenye mpindo, ilimbidi aishike nguzo kwa mikono miwili. Mwishowe mwalimu wa umeme alitoka getini na tai yake, akaona mambo, akanyoosha mkono, basi likasimama, Pasi akapanda.

Nyumbani alikaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu. Mama yake alimwekea chakula, hakukigusa.

"Babu," akasema, "miguu yangu haikuniuliza."

Nilikuwa na hasira, si kwake, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu. "Mmefundishwa kujificha," nikamwambia, "na nyinyi mkafaulu vizuri kuliko masomo mengine yote."

Mama yake ndiye aliyenitazama, na jicho lile lilitosha. Nikaondoka nikaenda kukaa nje. Kitu nilichokuwa nakifikiria ni kwamba sisi tulipokuwa vijana tuligoma, tulilala barabarani, tulishinda na kushindwa, lakini tulionekana. Halafu nikafikiria tena. Sisi basi lilikuwa linatusimamia. Anayesimamiwa na basi haoni sababu ya kuwa na ukuta.

Mkutano wa pili ulifanyika baada ya wiki kadhaa, asubuhi vilevile, chai vilevile. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, maana kilikwisha kuharibika kama alivyosema. Mhandisi akasoma hesabu za vituo. Kituo cha kinu: mama mmoja, kisha mwanafunzi mmoja, kisha mwanafunzi huyo na mwanamume mmoja mwenye tai. Pasi aliinua mkono akaeleza. Alieleza yote, hakuficha hata habari ya mguu wake kwenye ngazi. Alidhani ukweli mtupu utawashika.

Waliangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha dharau, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Walifurahi, kama wazee wanavyofurahia vituko vya wajukuu. Mzee mmoja alifuta machozi kwa leso.

"Kwa hiyo, binti yangu," mwenyekiti akasema alipopata pumzi, "mnalitaka basi, na basi likija mnalikimbia."

"Hatulikimbii, mzee. Tunajificha lisitukimbie."

Wakacheka tena. Mwakilishi wa wenye mabasi alisema watoto wa siku hizi hawaachi kucheza. Mhandisi peke yake hakucheka.

"Nakuamini," akasema. "Lakini nikiandika watu wasioonekana, kesho kazi hii atapewa mwingine anayeandika wanaoonekana."

"Basi njooni," Pasi akasema. "Siku moja. Msikae kwenye gari. Njooni mkae na sisi nyuma ya ukuta."

Mwenyekiti alisema hilo ni wazo zuri sana la vijana, na akaagiza liwekwe kwenye mengineyo. Mengineyo hayakufikiwa. Mkutano ulifungwa kwa picha. Mwenyekiti alimshika Pasi bega akasema kamati inaishukuru sauti ya vijana, mpiga picha akapiga, na kwenye picha hiyo, ambayo mama yake ameihifadhi kabatini, mjukuu wangu ameshika chupa ya chai kwa sababu hakupata mahali pa kuiweka.

Nguzo ilikuja kung'olewa na mafundi wawili kwa mtaimbo. Hawakuchukua muda. Shimo walilijaza kokoto na ukingo wa barabara wakaupaka rangi ya kukataza kusimama, na siku za kwanza kulikuwa na polisi wa barabarani wa kuhakikisha. Mama Karanga aliinua mkono wake siku kadhaa, mabasi yakampita yeye naye, nauli yake nzima na ndoo yake. Hilo lilimshangaza kuliko yote. Sasa anauza karanga zake kwenye lango la hospitali, nasi hatumwoni tena mtaani kwetu ila kwa nadra, maana amehamia huko huko.

Wavulana walianza kutembea mpaka kituo cha mbele ya machimbo, kwa makundi, na mawe mikononi. Mrefu alikuja nyumbani na mwalimu wa umeme kumwomba binti yangu. Walisema watamsindikiza Pasi kila jioni mpaka mlangoni. Binti yangu aliwakaribisha, akawapa maji, akawasikiliza.

"Na siku mtakapokuwa hampo?" akauliza. "Siku Mrefu ana mtihani, mwalimu ana mgonjwa?"

Mimi nilitazama magoti yangu. Yangekuwa yale ya ujana, ningesema nitamsindikiza mimi.

Walipoondoka, mama na mwana walibaki wakikunja nguo kitandani.

"Mimi si adui yako," binti yangu akasema.

"Najua, Mama. Ndiyo maana sipigi kelele."

Wakakunja shuka pamoja, mmoja huku na mwingine kule, wakikutana katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya chuo katika nyumba yetu. Ovaroli alimpa msichana mmoja wa mtaa wa chini, ambaye haihitaji barabara ya machimbo.

Kiti cha kamati hakukiacha. Nilimuuliza anakwenda kufanya nini kule, sasa basi lenyewe hapandi. Akasema akikiacha watamrudisha mwenye kitambi. Kila mkutano anaomba ruhusa, kila mkutano tajiri wake anasema neno lile lile la chai, na kila mkutano anaomba wazee waende wakakae nyuma ya ukuta. Limekuwa kama wimbo, wanajua atakapoanza. Mhandisi, nasikia, sasa huinamisha kichwa linaposemwa. Sijui maana yake. Watu huinamisha kichwa kwa mengi, hata kwa usingizi.

Jambo ambalo sikulitazamia ni majirani. Walisikia kwamba Pasi amesomea mafriji, basi wakaanza kumwita. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya mjane wa jirani, ambaye friji yake imeacha kugandisha. Nilimfuata nikakaa kwenye kiti. Pasi aliivuta friji kutoka ukutani, akapiga magoti, akaweka sikio. Akagusa bomba kwa kidole, akanusa kidole. Alifanya yote polepole, kama daktari.

"Kompresa ni nzima," akasema. "Gesi ndiyo imetoka. Kuna tundu kwenye bomba hili, hapa chini, unaona mafuta haya?"

Mjane akashukuru Mungu. "Basi nizibie, mwanangu."

Pasi alibaki amepiga magoti, kidole chake kikiwa bado juu ya lile tundu.

"Kuziba sikufundishwa, Mama," akasema. "Kuziba kulikuwa muhula uliofuata."

Akaifuta friji vumbi la nyuma, kwa kuwa mkono ulikwisha kuwa hapo, akairudisha ukutani taratibu, na tukaenda nyumbani. Kesho yake kulikuwa na mkutano. Alikuta makaa ya pasi yamezimika, akayawasha upya, akaanza kuinyoosha blauzi nyeupe.